Siuzi, Nafuma Tu

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka bara, kwenye baridi ya kulala na soksi. Ulitaka nikuandikie kila kitu, basi usinilalamikie barua ikirefuka.

Treni ya kutoka Miritini haikunipa shida. Shida ilianza Nairobi, makanga alipoita "Thika! Thika!" nami nikajitosa ndani, kwa kuwa Ruiru, anakokaa Mwalimu wetu wa zamani, iko njiani. Tukapita Githurai, tukapita Kahawa, usingizi ukanichukua na mkoba mapajani. Kufumbua macho, niko Juja! Mzee mmoja akanishikia mzigo tukapanda daraja la miguu, nikangoje gari la kurudi. Ile barabara kuu aliyoifungua Rais Kibaki mwaka wa 2012 haina huruma. Ukipitiliza, hesabu umekula safari nyingine.

Mwalimu alikuwa stejini na mwavuli, na jua linawaka. Miaka ishirini na sita bila kuonana, shoga! Nilijua tutalia. Yeye akanitazama miguuni, akasema, "Bado wavaa viatu vinavyokupwaya." Hapo hapo tukarudi darasa la saba, na wewe ukatajwa kabla hatujavuka barabara.

Kwao zamani palikuwa mibuni mitupu. Sasa ni nyumba za ghorofa zinazochunguliana madirishani. Lakini watu wa kahawa ukiwatajia Ruiru huwaza mbegu kabla ya mji: Ruiru 11, iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha hapa mwaka wa 1985, baada ya chulebuni na kutu ya majani kuwatesa wakulima miaka na miaka. Mwalimu amebakiwa na mibuni minne kando ya tangi la maji. Anachuma mwenyewe, anaanika juu ya gunia, anakaanga kwenye sufuria. Kahawa inayotoka hapo ni chungu kama dawa ya minyoo. Nilikunywa vikombe viwili kwa heshima, cha tatu nikamwagia mbuni.

Kinachomshughulisha hasa ni kroshia. Wavikumbuka vile vitambaa vyeupe vya makochi, ambavyo tukivikalia vibaya twafinywa? Alipostaafu alinunua sindano na uzi, akaanza upya kama mtoto. Hana kipaji, nakwambia wewe tu. Maua yake mengine yana petali tano, mengine saba. Na kila anayeingia, awe jirani, awe kijana wa kuleta gesi, swali ni moja: "Unauza pesa ngapi?" Hujibu, "Siuzi, nafuma tu." Wanamtazama kama mgonjwa. Mpwa wake amekwisha kumtolea hesabu: picha mtandaoni, malipo kwa simu, boda boda wa kupeleka mzigo. Siku hizi ukijua kupika keki moja ikaumuka, kesho yake watu wanakudai bei. Nami nisijitoe: kabla chai haijapoa nilikuwa nishapiga hesabu ya seti nzima kichwani.

Siku ya pili tukaenda Thika, kwenye ile hoteli kongwe ya Blue Posts, iliyokuwapo tangu 1908. Imekaa baina ya maporomoko mawili, ya mto Chania na ya mto Thika, kwa hiyo maongezi ni ya kupaza sauti. Tuliagiza chai moja tukaikalia saa tatu; mhudumu mwishowe akatuzoea. Mwalimu alibeba kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, cha 1959, kuhusu utoto wake hapa wazazi wake walipokuja kujaribu kulima kahawa. Anakisoma huku akikigombeza. Kwake, yule mama anaona maua na wanyama kwa jicho kali, ila wenye ardhi wanapita ukingoni mwa ukurasa wamebeba sinia. "Basi kwa nini wakisoma?" nikamuuliza. "Kwa sababu nataka kugombana na mtu, na mume wangu halumbani." Miti yenyewe ya maua mekundu tuliitafuta, tukabishania mmoja hata shingo zikatuuma.

Mjini, kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini juu ya turubai, nikaona Siku Njema ya Ken Walibora. Jalada limechakaa, na pambizoni mwanafunzi fulani ameandika kwa penseli "tashbihi", "tashbihi", kisha "njaa". Nikakilipia bila kushindana bei, Mwalimu akaguna.

Usiku umeme ukapotea, tukasoma kwa tochi ya simu, kila mmoja sura yake, tukimfuata Kongowea wa kitabuni akimtafuta babake kutoka Tanga. Na shoga, aibu yangu: mimi, mtoto wa Mombasa, nikasahihishwa lafudhi na mtu wa Ruiru! Alifundisha Kiswahili miaka thelathini, hasamehe. Tulicheka hadi jirani wa ghorofani akagonga ukuta, nasi tukashusha sauti, tukaendelea. Hatujakimaliza. Tumekubaliana atanipigia Ijumaa usiku, tusomeane kwa simu sura moja moja.

Ndani ya bahasha mna kitambaa chako. Kona moja imekwenda upande, na ua la katikati lina petali sita na nusu. Kasema usikifumue, na usimwulize bei.

Wako,
wa dawati la mbele