Rafu Inaanzia Juu ya Alama ya Maji

Kwa ukuta wa sebule yetu hapa Budalang'i kuna mstari wa kahawia, usawa wa kiuno changu. Ni alama ya mafuriko ya Mei 2020, mto Nzoia ulipotoka kingoni. Mama ameupaka rangi mara mbili, unarudi tu. Kwa hiyo nilipoamua kutafuta rafu ya kupangia Lego zangu, swali la kwanza halikuwa bei. Lilikuwa: ianzie wapi?

Wacha nieleze. Vitofali hivi nilivipata Busia kwenye mitumba, gunia dogo la vipande vilivyochanganyika, bila kijitabu cha maelekezo. Ni kitu cha Denmark. Umbo lake la leo ni la mwaka 1958, na kitofali cha wakati huo bado kinashikana na cha jana. Kwa kuwa sikuwa na picha ya kufuata, nilijenga ninachokijua: nyumba ya nyanya, ile ya udongo iliyosimama upande wa pili wa boma hadi maji yakailaza. Kisha mtumbwi wa Port Victoria. Kisha duka la kona. Zilipofika saba, zikajaa chini ya kitanda, zikila vumbi.

Kwa video za wakusanyaji wa Ulaya, utaona makabati ya vioo yenye taa ndani. Nikaenda Busia kutafuta kitu kama hicho. Muuzaji akanionyesha moja jeupe, linang'aa, bei ya kuvumilika. Nikaligonga mgongoni. Ilikuwa ile mbao ya unga na gundi. Sisi tunaijua. Kabati la vyombo la Mama lilikuwa la mbao hiyo. Lilikunywa maji likavimba kama mkate ndani ya chai. Vyombo vilipona. Kabati tulilizoa kwa koleo.

"Hii maji ikiingia?" nikauliza.

"Kwani unakaa wapi?"

"Budalang'i."

Akacheka. "Basi ndugu yangu, tafuta chuma."

Nikamwendea fundi wa kuchomelea. Msingi wa nyumba ya nyanya una vifungo 32 kila upande, na kila kifungo kinachukua milimita 8. Jumla ni sentimita 25.6. Tukakubaliana rafu iingie ndani sentimita 30, isije kona ikaning'inia. Fundi aliona haya ni mambo ya watoto, hadi aliponyanyua gunia la vitofali vilivyobaki. Akaongeza mguu wa katikati bila kuulizwa, maana mbao ndefu ikibebeshwa mzigo hupinda. Tuliisimamisha mbali na dirisha, kwa sababu jua hugeuza vitofali vyeupe kuwa vya njano. Ngazi ya chini ikaanzia kiganja kimoja juu ya ule mstari.

Nyumba ya nyanya niliiweka juu kabisa.

Mama alikuja, akaiangalia kwa muda. "Dirisha lake lilikuwa upande wa jua kutua," akasema. Nikabisha. Akanionyesha kwa kidole mahali nyumba ilipokuwa, ambapo sasa ni sukuma wiki. Nikabomoa ukuta, nikalihamisha.

Aliporudi alikuwa na mfuko wa plastiki: hatimiliki ya shamba, cheti changu cha kidato cha nne, na picha moja ya nyanya. Siku ile ya maji alivibeba kichwani hadi kambini.

"Hapo juu ni pa hivi," akasema.

Nilitaka kubisha tena, kisha nikafikiria. Karatasi ikilowa imeisha. Lego ikilowa imelowa tu. Nikaishusha nyumba ya nyanya hadi ngazi ya chini kabisa, ile ya kwanza kufikiwa. Maji yakirudi, itazama mara ya pili. Safari hii nitaiokota matopeni kipande kwa kipande, niioshe na sabuni, niisimamishe tena. Na dirisha nishajua linakaa wapi.