Kaseti ya Babu

Niliifuta mwenyewe. Nianze hapo, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia habari hii kana kwamba kaseti ile ilipotea tu, kama vitu vinavyopotea nyumbani.

Ilikuwa mwaka 2003, Bariadi, nyumbani kwetu Somanda. Nilikuwa kidato cha pili. Jioni Radio Free Africa ya Mwanza ilikuwa inapiga Bongo Fleva, na sisi vijana tulikaa mbele ya redio, kidole kwenye kitufe cha kurekodia, tukiomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya wimbo. Kaseti tupu ilikuwa inauzwa dukani, lakini hela ya kununua kaseti tupu mwanafunzi anaitoa wapi? Kwenye kabati la sebuleni kulikuwa na kaseti moja isiyo na jalada, imeandikwa kwa kalamu ya bluu neno moja: "Mbina". Kwa Kisukuma mbina ni ngoma.

Aliyeirekodi alikuwa amevunja vile vipande viwili vya plastiki vya mgongoni, ili mtu asirekodi juu yake. Waliokua na kaseti wanajua dawa yake: unachana karatasi, unaikunja, unaziba tundu. Niliziba. Nikasubiri wimbo wa Juma Nature.

Babu yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita guku kama Wasukuma wanavyoita, alifariki mwaka 2009. Jioni ya pili ya msiba, baba mdogo aliuliza iko wapi ile kaseti ya Sabasaba ya 1987, ile ambayo mzee anaimba na kundi lake. Aliirekodi yeye mwenyewe. Watu wakaanza kutafuta. Bibi akaingia ndani, akatoa masanduku. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na chai yangu mkononi. Sikusema neno.

*

Mwaka juzi mhariri wangu alinipa kazi ya kuandika makala kuhusu bendi zinazojitegemea. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka kumi na kitu, muziki nauandika mara moja moja, nikaona hii rahisi. Nikaenda kwenye dansi, kama tunavyofanya wote.

Shida ni kwamba historia ya dansi letu kwa sehemu kubwa ni historia ya wenye vyombo. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: JUWATA Jazz, halafu OTTU Jazz, mpaka leo watu wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Shirika lilipoyumba, ikachukuliwa na DDC. Wanamuziki wakubwa kabisa, akina Muhiddin Maalim Gurumo, walihama bendi moja kwenda nyingine kama mwajiriwa anavyohama ofisi, na gitaa walilokuwa wanapiga jana likabaki kwa mwenye nalo. Sisemi kwa kuwadharau. Muziki ule ndio umenilea. Lakini nilitafuta kundi ambalo halikuwa na mwajiri, halikuwa na prodyuza, ambalo jina lake halikubadilishwa na mtu wa ofisini, na kila nilipotafuta nilirudi kwenye kabati la sebuleni kwetu.

Babu alikuwa Mgika.

*

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, ngoja nieleze. Katika karne ya 19 kulikuwa na waganga wawili Usukumani, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Namna ya kuamua ikawa ngoma: atakayevuta watu wengi ndiye mwenye dawa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Waganga wenyewe walishakufa zamani, lakini majina yao hayajabadilika mpaka leo. Mtoto anazaliwa katika nyumba ya Bagika au ya Bagalu kama mtu wa Dar anavyozaliwa Simba au Yanga, na ukitaka kuanzisha ugomvi wa kuchekesha kwenye kilabu cha pombe, taja moja.

Mashindano yanafanyika baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi, mashamba yakiwa matupu na pamba imeanza kwenda sokoni. Uwanja ni mmoja. Kundi hili upande huu, kundi lile upande ule, wote wanaanza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako katikati, na wana miguu. Ukiimba vizuri, wanakuja kwako. Mwenzako akitoa chatu, au kinyago cha mbao kinachochezeshwa kama mtu, au tusi jipya lenye vina, utaona migongo yao inageuka, na vumbi linaelekea kule. Kura inapigwa kwa miguu, kutwa nzima, mbele ya macho yako. Nimeshuhudia wasanii wakilalamikia idadi ya watazamaji kwenye simu. Sijui wangefanya nini kama wangeona watazamaji wenyewe wakiondoka mmoja mmoja.

Ndiyo maana kuna dawa. Ipo dawa ya mvuto, inaitwa samba, na kiongozi wa ngoma asiyekuwa nayo ni kama fundi asiye na nyundo. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi na mlokole, hakuweza kuimeza hiyo. Aliitunza kaseti kabatini lakini sikumbuki hata siku moja aliipiga. Nadhani kwa miaka yote ile ilikaa pale kama jamaa wa aibu: humfukuzi, humkaribishi mezani.

*

Historia ya kundi la babu naweza kuieleza kwa ufupi, kwa sababu iliyobaki ni fupi.

Alijiunga akiwa kijana, miaka ya 1950, wakati pamba inaleta fedha na vyama vya ushirika vinasimama, na TANU imekatazwa kufanya kazi Kanda ya Ziwa kuanzia 1954 mpaka 1958. Alianza kwa kucheza tu. Kiongozi wa nyimbo, ambaye Wasukuma humwita ningi, ndiye aliyekuwa anatunga. Wachezaji walikuwa wanalima shamba lake, naye alikuwa anawafundisha, anawapa dawa na kuwalisha wakati wa safari. Huo ndio ulikuwa mkataba wote. Walikwenda kwa miguu na baiskeli mpaka Maswa, Meatu, Kwimba na Magu. Mara moja au mbili walifika Bujora, kule Kisesa, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alikusanya ngoma za watemi na kuanzisha makumbusho, na akaipa nafasi mbina katika sikukuu ya Ekaristi wanayoiita Bulabo, yaani maua.

Babu akawa ningi mwenyewe miaka ya 1960. Kisha ikaja 1974, Operesheni Vijiji. Wasukuma tulikuwa tunaishi mbali mbali, kila mtu na mji wake, ng'ombe wake na minyaa yake. Operesheni iliwahamisha watu, na kundi la babu likagawanywa katika vijiji vitatu. Baba mdogo anasema mpiga ngoma bora wa kundi lile alipelekwa umbali wa saa nne kwa mguu, na kwa misimu miwili hakuna aliyeimba. Walijikusanya tena, lakini pungufu. Sabasaba ya 1987 ilikuwa karibu na mwisho. Baada ya hapo ni miguu ya babu iliyoanza kuuma, vijana waliokwenda Mwanza kutafuta maisha, na kanisa.

Hayo ndiyo yote. Hakuna albamu, hakuna bango, hakuna picha ya pamoja. Nilinunua kwa shida kitabu cha Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichotoka mwaka 2010, ambacho amekusanya mamia ya nyimbo pamoja na tafsiri na habari za watunzi. Ni kitabu kizuri sana. Yeyote anayesema fasihi simulizi ya kwetu haijashughulikiwa akisome kwanza. Nilisoma majina ya watunzi kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayetafuta namba yake kwenye matokeo ya mtihani. Babu hayumo.

*

Nilirudi Bariadi mwezi wa saba mwaka jana. Siku hizi ni lami mpaka mjini. Tangu 2012 sisi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, na kuna taa za barabarani ambazo babu hakuziona. Stendi kijana alinitajia bei ya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Nikamuuliza kama ana mbina. Akacheka, akasema za Kisukuma anazo nyingi, za kinanda, za harusi, zenye video. Nikamuuliza za zamani. "Za zamani za mwaka gani, kaka? Elfu mbili na kumi?"

Baba mdogo ndiye aliyenielekeza. Nilikuwa nimeshamwambia ukweli wa kaseti, usiku wa kuamkia siku hiyo, tukiwa wawili. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ni kaka," yaani baba yangu. Miaka yote ile alidhani baba ndiye aliyeichoma moto kwa sababu ya dini. Hilo sikulitegemea. Baba amefariki 2016, na mdogo wake alikuwa hajamsamehe kwa kosa langu.

Asubuhi akaniambia: "Kama unataka nyimbo za mzee, usiende kwa Bagika. Nenda kwa Bagalu."

Upande wa Itilima tulimkuta mzee mmoja, macho hayaoni vizuri lakini masikio yake ni mazima. Nilimwamkia, "Mwangaluka guku," nikainama kidogo, na nikajitambulisha kwa jina la babu. Alicheka mpaka akakohoa. Akawaita watoto wa mji waje wamwone mjukuu wa yule mwizi.

Ni kwamba babu aliwahi kumtungia wimbo. Mwaka wenyewe alisema ni kabla ya vijiji. Wimbo ulisema juu ya ng'ombe mmoja wa mahari, juu ya mkwe aliyemrudisha, na juu ya namna mzee huyu anavyotembea. Watu waliukubali sana. Uwanja mzima ulihama ukamwacha na wachezaji wake. Alikwenda nao nyumbani wimbo ule, akawa anausikia watoto wakiuimba machungani, na hakuusahau, kwa sababu mtu aliyetukanwa kwa vina hasahau hata kituo kimoja.

Aliuimba wote. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini kila alipofika kwenye tusi aliliweka mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayekurudishia chenji. Baba mdogo alianza kuitikia bila kujijua. Mimi Kisukuma changu ni cha salamu na sokoni. Nilikuwa nashika neno hapa na pale, nikishika simu kwa mikono miwili, nikitazama namba za sekunde zinavyopanda.

Nilikuwa nimekwenda nikiamini kwamba kazi ya kundi inatunzwa na wenyewe: familia, wapenzi, kumbukumbu za nyumbani. Sisi wenyewe ndio tulioifuta. Baba aliificha, mimi nikarekodi juu yake. Aliyeitunza ni yule aliyeshindwa, na aliitunza kwa hasira kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nilipotaka kuzima simu, mzee alinishika mkono. Akasema bado. Alikuwa na jibu. Alilitunga mwaka ule ule, lakini msimu uliofuata babu hakuja, na uliofuata ndio ukawa wa kuhamishwa, na basi hawakukutana tena uwanja mmoja. Jibu lake halikuwahi kusikiwa na aliyetungiwa. Akaliimba mbele yangu, taratibu, akinielekezea kidole mimi kwa niaba ya marehemu. Wajukuu zake waliangua kicheko. Baba mdogo aliniambia baadaye kwamba sehemu ya mwisho inahusu meno ya ukoo wetu.

Rekodi ile ina dakika kumi na nne. Nimeihifadhi sehemu tatu, na moja nimempa yule kijana wa stendi, bure, aiweke kwenye kompyuta yake. Mzee alitoa sharti moja tu: nisiikate. Tusi la Bagika lisitoke peke yake bila jibu la Bagalu. Nimekubali.

Wakati tunaaga, aliuliza nitarudi lini. Nikasema labda msimu ujao, baada ya pamba.

"Vizuri," akasema. "Ukija, uje na lako."

Naendelea kujifunza Kisukuma.