Kakao ya Tui kwa Usiku wa Kusi

Wako wanaodhani kwamba pwani haina baridi. Aliyekesha lindoni Palma mwezi wa Julai, kusi likivuma na nguo zimelowa umande, hawezi kusema hivyo. Na mwenziwe aliyepangiwa Mueda, kwenye kimo cha zaidi ya mita 800, ana mengi zaidi ya kueleza. Mume wangu ni askari polisi. Usiku wa zamu yake sipendi chupa ya chai itoke mlangoni na maji ya majani matupu, hivyo humtilia kakao.

Ugumu ni maziwa. Ng'ombe huku ni wachache, na maziwa ya kopo ni ghali. Lakini tuliporejea baada ya mashambulizi ya Machi 2021, nyumba ilikuwa imebaki kuta, na minazi miwili ya uani imesimama, tena imezaa. Basi natumia tui.

Kwa vikombe vinne, ndugu msomaji, chukua nazi moja iliyokomaa. Ikune, ukamue tui zito, uliweke kando. Machicha yatie vikombe vitatu vya maji ya moto, ukamue tui la pili. Hilo jepesi ndilo la kuchemshia iliki nne zilizopondwa, kipande cha mdalasini na tangawizi kidogo. Wengi huharibu hapa: humwaga unga wa kakao juu ya maji yanayochemka, ukaelea na kufanya madonge, kwa kuwa una mafuta yasiyopatana na maji. Changanya kwanza bakulini vijiko vitatu vya kakao na vinne vya sukari, ulowanishe kwa maji ya moto kidogo kidogo, ukisaga kwa mgongo wa kijiko mpaka upate rojo laini. Litie sufuriani lichemke dakika tano. Mwisho ongeza tui zito na chembe ya chumvi, ukikoroga bila kuacha. Mvuke ukipanda, epua. Tui likichemka kwa nguvu hukatika. Chuja.

Nunua unga mtupu wa kakao. Yale makopo yaliyokwisha tiwa utamu, soma maandishi yake: mara nyingi sukari hutajwa kwanza, na kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi.

Mama mkwe wangu alikataa kikombe cha kwanza. Babu yake alichukuliwa enzi za Wareno kwenda mashamba ya kakao ya São Tomé, kisiwa cha upande wa pili wa Afrika, wala hakurudi. Maelfu walipelekwa huko kutoka Angola, na baadaye kutoka Msumbiji pia. Mwaka 1909 kampuni ya Cadbury ya Uingereza iliacha kununua kakao ya visiwa vile kwa sababu kazi ile ilikuwa utumwa kwa jina jingine. Nilimweleza hayo, kwa mazoea yangu ya ualimu, nikaongeza kwamba siku hizi hata Kyela, Tanzania, wakulima wanapanda kakao katika mashamba yao wenyewe.

Alinyamaza kitambo.

"Mwanangu," akasema, "sidhani babu walimwonjesha."

Akavuta kikombe, akanywa nusu, akaniagiza niongeze iliki. Sasa kwa nazi moja natia sita.