Moshi wa gurupu na dirisha la wageni wetu

Wapendwa wasikilizaji wa Wamaza, nanyi familia mliohama na bado mnalala katika nyumba za watu, leo nazungumza juu ya moshi. Si ule wa jikoni, unaotuwasha macho tukaukimbia. Ni moshi wa gurupu, ambao sehemu yake mbaya zaidi haionekani.

Kwetu hakuna umeme wa kupita kwenye nguzo. Asiye na sahani ya jua hupeleka simu kwenye nyumba ya kuchajia, na gurupu inanguruma hadi usiku. Wahami nao hupewa chumba popote kinapopatikana. Mara nyingi chumba cha bei ndogo ni stoo ya nyuma ya nyumba ya biashara, palepale gurupu inapowekwa.

Mwezi uliopita nilifika kwa mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Salamabila na watoto watatu. Aliniambia: "Papa, kila asubuhi watoto wanaamka na kichwa kinawauma, mdogo anatapika. Jua likipanda wanapona." Majirani walisema malaria, wengine wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Bomba la gurupu lilielekea dirisha lake, na katikati hapakufika hatua mbili.

Injini ya esansi hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hushika nafasi ya oksijeni, tena kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni yenyewe. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hutapika. Aliyelala anaweza asiamke. Ukiona watu wa chumba kimoja wanaugua pamoja bila homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikiria gesi hiyo. Lakini mtoto apimwe malaria hata hivyo, sote tunajua inavyoua hapa.

Wataalamu wanataka gurupu ikae nje, angalau metre 6 kutoka nyumbani, bomba likiangalia mbali na milango na madirisha. Hizo ni kama hatua nane ndefu za mtu mzima. Kufungua dirisha tu hakutoshi.

Nilimwendea mwenye nyumba. Si mtu mbaya, na ndiye aliyempokea mama huyu wakati wengine walifunga milango. "Nikiipeleka kule, wezi wataibeba. Na mvua je?" akaniuliza. Maneno yake ni ya kweli. Gurupu ile ndiyo shamba lake. Bomba tuligeuza saa ileile, bila kutoa hata faranga moja. Kuihamisha ndiko kulikotuchukua siku nne: mnyororo wa kuifunga kwenye mwembe, kibanda cha manjanja kisicho na kuta, na mabishano.

Pale alipopachagua kwanza ni karibu na mafiga ya akina mama. Nilikataa. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ukatafuta moto ulio mbali na kidumu. Kwa hiyo gurupu na kidumu chake vikae mbali na jiko pia, na esansi isitiwe mashine ikiwa bado ya moto.

Mama zangu, nanyi mnaoingiza mbabula chumbani wakati wa mvua ili mtoto apate joto: makala yakishakuwa mekundu bila moshi, tunadhani yamekuwa salama. Gesi ni ileile. Yaacheni nje.

Watoto wale sasa wanaamka vizuri. Waya mrefu wa kufika hadi kwenye mwembe haujanunuliwa, umeunganishwa vipande vipande na hautuliki. Kwa sasa wamekubaliana gurupu izimwe saa mbili usiku, na vijana wanaotazama mpira pale wamekwisha kuja kunilalamikia mimi.