Mtihani wa Leba, Zamani na Sasa

Enzi za masomo yetu ya ukunga, mtihani wa vitendo ulikuwa na bahati mbili: mama uliyepangiwa na mtahini uliyempata. Mwenzako akipangiwa mama wa uzazi wa nne, njia imeshafunguka, chai ya saa nne inamkuta ameshamaliza. Wewe ukiangukia kwa mama wa uzazi wa kwanza, utakesha naye, na akipelekwa kupasuliwa huna mtihani. Unasubiri mama mwingine.

Watahini nao tuliwajua kwa tabia zao. Yupo aliyetazama viatu, kofia na namna ulivyoitikia "Ndiyo, Sista" kuliko alivyotazama mikono yako. Yupo aliyemwonea huruma kila mtu. Karatasi yao ilikuwa na mistari michache mipana, kama vile "anamudu hatua ya tatu ya uchungu", na mbele yake nafasi ya alama. Aliyefeli hakuambiwa kakosea wapi. Aliambiwa arudie.

Nilipokuja kuwa mwalimu, mtihani wa vituo ulikuwa umeshaingia. Ulianzia Dundee, Uskoti, ambako Ronald Harden na wenzake waliutumia kwa wanafunzi wa udaktari na kuutangaza mwaka 1975. Kila mwanafunzi anapita vituo vilevile. Kengele ikilia, anahama. Kituo kimoja kina patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu: mlango wa kizazi umefunguka sentimita 4 saa 2 asubuhi, sentimita 6 saa 6 mchana. Ajaze, kisha aseme: mama ameuvuka mstari wa tahadhari, mstari wa hatua hajaufikia, kama yuko zahanati, afanyiwe nini? Wote wanamhudumia mama huyohuyo wa kwenye karatasi. Nililifurahia hilo, na bado nalifurahia.

Ubishi haukuisha, hata hivyo. Watahini wawili waliomtazama mwanafunzi mmoja waliendelea kupishana alama, mpaka tulipoichambua ile mistari mipana. Je, amepapasa tumbo kuhakikisha hakuna mtoto wa pili? Amechoma oksitosini uniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka? Amevuta kitovu taratibu huku mkono wa pili ukiuzuia mji wa mimba? Amelikagua kondo la nyuma pande zote? Hapo tukaanza kuelewana, maana mkono wa kuuzuia mji wa mimba ama ulikuwepo, ama haukuwepo.

Orodha yetu ilichelewa kumwona mama mwenyewe. Mwanafunzi alimchoma sindano mwanasesere wa kituoni kimyakimya, akapata alama zote. Akifika wodini, naye mama mwenye uchungu anachomwa kimyakimya. Tukaongeza kipengele: amemweleza mama na kusubiri jibu. "Mama, nakuchoma sindano ya paja usije ukatoka damu nyingi, sawa?" Sentensi moja tu, na kwangu ina uzito sawa na sindano yenyewe.

Tulikubaliana pia kuhusu mtoto asiyepumua. Mwanafunzi anayeacha hatua nyingine zote na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza hakatwi alama kwa alichokiruka. Asiyefanya hivyo amefeli, hata kama mengine yote kapatia.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa chati mpya ya kufuatilia uchungu, ambayo inaanzia sentimita 5 na haina ile mistari miwili. Mtahini wa chati ya zamani angeweza kumfelisha mwanafunzi wa chati mpya kwa jibu sahihi. Ndiyo maana siku hizi tunakaa kwanza, tunakubaliana imefundishwa ipi.

Kilichobaki kigumu ni kitabu cha mazoezi ya wodini. Sista wa zamu yuko peke yake, vitanda vimejaa, na saini anazitoa kwa mpigo mwisho wa juma. Uchovu huo naujua. Lakini masista wenzangu, nawaomba: sainini uzazi mliousimamia kwa macho yenu, siku hiyohiyo, na pale mwanafunzi alipokosea mwandikieni alichokosea. Msichokiona, kiacheni wazi.