Chungu cha Kunde Katika Karamu za Arua

Msafiri atokaye Kampala kwenda Magharibi ya Nile huvuka mto huo mara mbili: kwanza penye maporomoko ya Karuma, kisha Pakwach. Baada ya hapo barabara hupanda polepole mpaka Arua, mji ulio katika nyanda za kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ambao tangu Julai 1, 2020 una hadhi ya jiji. Akiendelea kaskazini kupitia Maracha atafika Koboko, ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapakana. Njia nzima ataona mashamba ya muhogo, mtama, simsim na kunde, na nyumbani kwa watu atakaribishwa kwa enyasa, yaani ugali wa Walugbara, upikwao kwa unga wa muhogo uliochanganywa na wimbi au mtama.

Sikukuu inapokaribia, bei ya mbuzi na kuku hupanda, na mwenye mshahara mdogo huanza kuhesabu vidole. Katika nyumba nyingi za askari na polisi, mwezi wa sikukuu huwa pia mwezi wa madeni. Mzee wa nyumba huogopa wageni wasije wakasema kwamba hawakuona nyama. Lakini anayetaka kujua jinsi wenyeji wa Arua wanavyoheshimu mgeni, asiishie kwenye mabucha. Na aende upande wa sokoni wanapokaa akina mama wauzao simsim, kunde zilizokobolewa na majani ya kunde yaliyokaushwa. Huko ndiko uliko moyo wa karamu.

Mboga ya majani ya kunde huitwa osubi kwa Kilugbara. Wakati wa mvua, ambayo huwa nyingi kati ya Agosti na Oktoba, majani mabichi hupatikana kila mahali. Krismasi, hata hivyo, huja wakati wa kiangazi, nchi ikiwa imekauka. Na Idi, kwa kuwa hufuata mwezi, hutangulia kiasi cha siku 11 kila mwaka, ikaangukia mvua au jua. Kwa sababu hiyo mama mwenye busara huanza kuandaa karamu miezi mingi kabla. Majani yanapojaa shambani huyachuma yakiwa machanga, huyachovya kidogo katika maji yachemkayo, huyakamua, kisha huyaanika siku mbili au tatu na kuyatia katika chombo kikavu. Yakianikwa kivulini, penye upepo, hubaki na ubora zaidi kuliko yakiachwa juani. Akiba haiozi.

Siku ya kupika, jambo la kwanza ni simsim, ambayo pwani huitwa ufuta. Hupepetwa na kuoshwa ili mchanga utoke, kwa maana punje moja ya mchanga huharibu sifa ya chungu kizima. Hukaangwa bila mafuta mpaka inukie na kuanza kurukaruka, kisha husagwa juu ya jiwe au kutwangwa katika kinu mpaka iwe laini na kutoa mafuta yake. Kwa watu wanane, kikombe kimoja cha simsim iliyosagwa chatosha.

Jambo la pili ni maji ya majivu. Mabua makavu ya maharage au ya simsim huchomwa. Majivu hutiwa katika chungu chenye matundu madogo chini, na maji humiminwa juu yake. Yale yadondokayo, yenye rangi ya chai, ndiyo hulainisha majani magumu. Tahadhari ipo: yakizidi, mboga huwa chungu na baadhi ya vitamini huharibika. Vijiko viwili vya mezani vyatosha kwa chungu cha wastani.

Majani makavu, kiasi cha robo kilo, hurowekwa kwanza, kisha huchemshwa pamoja na maji ya majivu mpaka yalainike. Chumvi hufuata. Simsim hutiwa mwisho, ikiwa imekorogwa kwa maji ya uvuguvugu ili isifanye madonge, na moto hupunguzwa. Kutoka hapo mpishi haondoki jikoni. Hukoroga polepole kwa mwiko mpaka mchuzi uwe mzito na mafuta yaanze kuonekana juu. Mafuta hayo si ladha tu, kwani vitamini A iliyomo katika majani haiingii vizuri mwilini bila mafuta.

Chakula cha pili cha heshima ni kunde zenyewe. Huvunjwa kidogo juu ya jiwe, hurowekwa, husuguliwa kwa mikono mpaka maganda yatoke, kisha huchemshwa mpaka zivurugike zenyewe. Nazo hupewa simsim kwa namna ile ile. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mashemeji, wakwe na mabinti hukaa pamoja tangu jioni ya mkesha, na msichana asiyejua kukoboa kunde hujifunza hapo hapo bila kuaibishwa. Kwa hiyo chungu kikiwekwa mbele ya wageni, jamaa wengi waliotia mkono wao hukiita changu.

Mapishi haya yamesafiri na jeshi. Wakati wa ukoloni, vijana wengi wa Magharibi ya Nile waliandikishwa katika King's African Rifles, nao na wake zao wakaishi katika kambi za Bombo na Jinja, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Hata leo familia ya askari huweza kujikuta mbali na mashamba yake, jirani zake wakiwa wa makabila mengi. Mahali kama hapo kifurushi cha simsim kutoka nyumbani huthaminiwa kama barua.

Wala si Arua peke yake mahali ambapo karamu husimama juu ya mboga. Wahindi waliofanya biashara katika miji ya Uganda mpaka walipofukuzwa mwaka 1972 walikuwa wengi wao wa asili ya Gujarat na Punjab, hivyo mapishi ya kusini mwa India hayakujulikana sana huku. Lakini huko kusini, katika jimbo la Kerala, sikukuu ya mavuno iitwayo Onam, ambayo huja mwezi wa Agosti au Septemba, huadhimishwa kwa vyakula vingi vilivyopangwa juu ya jani la mgomba, na aghalabu hamna nyama ndani yake. Kimojawapo ni aviyal: viazi vikuu, ndizi mbichi, maboga na matunda marefu ya mlonge, vyote vikikatwa kama vidole na kupikwa pamoja, kisha kutiwa nazi iliyosagwa na bizari nyembamba na pilipili mbichi, na maziwa ya mgando. Mkerala ana mnazi. Mlugbara ana simsim. Wote wawili husaga kitu chenye mafuta, hukitia mwisho, na hukitegemea kufanya mboga za shambani kuwa chakula cha sikukuu. Wala hakuna Mkerala aombaye radhi kwa wageni wake kwamba siku ya Onam hapana mbuzi.

Kwa watu wa Arua na Koboko, kunde zina maana nyingine tena. Vita vya mwaka 1979 na mapigano ya mwaka 1980 viliwakimbiza maelfu kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Waliporudi katika miaka iliyofuata, wengi walikuta nyumba zimebomoka na maghala matupu. Mhogo huhitaji miezi mingi ardhini, lakini kunde zikipandwa penye mvua, majani ya kwanza huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Kwa mwenye kuanza upya, huo ndio mlo wa mapema. Tangu mwaka 2016, wakimbizi wengi kutoka Sudan Kusini wamepokewa katika wilaya hizi hizi, nao pia wanajua kupika majani ya kunde. Mwenyeji na mgeni wakikaa penye chungu hicho, hakuna haja ya kufundishana kula.

Basi familia inayoandaa sikukuu na ihesabu vizuri. Nyama ikipatikana kwa fedha iliyopo, ni baraka. Ikiwa haipatikani ila kwa kukopa, deni litadumu muda mrefu baada ya mifupa kutupwa. Penye nafasi nyuma ya nyumba, hata katika makazi ya polisi, mistari michache ya kunde hutosha kuanzia. Majani yakaushwe mapema, simsim inunuliwe wakati wa mavuno ingali rahisi, na mabinti na wavulana waitwe jikoni kwenye mkesha wajifunze. Mgeni aliyepikiwa osubi laini, yenye simsim ya kutosha na isiyo na mchanga, hujua kwamba siku nyingi kabla hajafika alikuwa ametazamiwa.