Seyyid Barghash na Mpaka wa Nyanza

Msafiri atokaye Osiri, katika nchi ya Migori wachimbako dhahabu, akishika njia ya kusini hufika mpaka wa Tanzania siku hiyo hiyo. Ng'ambo ya pili Wajaluo wa Rorya husema lugha ile ile ya ndugu zao wa Migori, na Wakuria nao wako pande zote mbili. Ni nani, basi, aliyeikata nchi mahali hapa? Habari zake zaanzia Unguja, katika enzi ya mfalme wa Kiarabu ambaye hakupata kuliona Ziwa hili maishani mwake.

Mfalme huyo ni Seyyid Barghash bin Said. Mwaka 1859 alimwasi nduguye, Seyyid Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alikalia kiti. Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tarehe 5 Juni 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Hata hivyo hakulegea. Aliuletea mji maji safi kwa mabomba, na mwaka 1883 akajenga Beit el Ajaib. Misafara ya pwani ilipeleka shanga na nguo bara, ikarudi na pembe za ndovu, hata ikasemwa kwamba zumari ikilia Unguja, watu wa Maziwa hucheza.

Lakini kuchezewa ngoma siko kutawala. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alifanya mikataba na wakuu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Barghash alimpelekea Kaisari maneno ya kuteta; jibu lake likawa manowari, zilizotia nanga mbele ya mji wake Agosti 1885. Aliwategemea Waingereza, rafiki zake wa zamani, nao wakamshauri akubali.

Tarehe 1 Novemba 1886 mataifa hayo mawili yalipatana. Sultani aliachiwa visiwa, ukanda wa pwani wa upana wa maili 10, na miji michache ya kaskazini. Kisha mstari ulipigwa kutoka mlango wa Mto Umba, ukapita kaskazini ya Kilimanjaro, ukafika ukingo wa mashariki wa Ziwa, digrii 1 kusini ya Ikweta, karibu na Muhuru. Barghash aliletewa shauri lililokwisha kukatwa, akaliridhia. Wazee wa Nyanza hawakuulizwa hata neno moja.

Barghash alifariki Machi 1888. Sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka mwaka 2020. Lakini mstari ule uliochorwa kwa wino ungalipo. Mtu wa Osiri avukapo kwenda arusini kwa wajomba zake wa Rorya, na akumbuke kwamba jambo lililokatwa mbali, na watu wasiomjua, ndilo limpasalo kuonyesha hati njiani.